Saa Kumi na Tano Angani: Njia ya Nairobi na New York

Siku hizi nyumba nyingi za Kikristo katika nchi yetu zina mtoto, au mjukuu, au ndugu, akaaye Marekani. Mmoja yuko huko kwa masomo, mwingine awauguza wagonjwa, mwingine aendesha gari la mizigo. Na katika kila nyumba ya namna hii yuko mtu aulizaye maneno mawili: Ni mbali kadiri gani? Na mtu huchukua muda gani hata kufika? Maneno haya yaonekana mepesi, wala hakuna asiyedhani kwamba ayajua. Lakini tumeona kwa macho yetu jinsi majibu yake yawezavyo kuwaponza watu wazima wenye akili, tena katika siku ambayo hawakutaka kabisa kukosea. Kwa hiyo tumeona vema kuwaandikia wasomaji wetu habari za njia hii, tangu kiwanja cha ndege cha Jomo Kenyatta, Nairobi, hata kiwanja cha John F. Kennedy, New York, kama tulivyoipita sisi na mama watoto mwezi wa Januari, tulipokwenda kuwazuru jamaa zetu.

VIWANJA VIWILI. Kiwanja cha Nairobi kilifunguliwa mwaka 1958, na jina lake lilikuwa Embakasi. Mwaka 1978, Mzee Jomo Kenyatta alipofariki, kikapewa jina lake. Kiwanja cha New York kilifunguliwa mwaka 1948, na watu walikiita Idlewild. Hata Desemba 1963, mwezi mmoja baada ya Rais Kennedy kuuawa, nacho kikapewa jina la marehemu. Basi njia hii yatoka kwa rais na kuishia kwa rais. Wala haikuwa njia ya jana. Septemba 1959 vijana 81 walipanda ndege Nairobi, wakaenda New York kusoma katika vyuo vya Marekani, kwa juhudi ya Tom Mboya na rafiki zake wa kule. Mwaka 1960 jamaa ya Kennedy ilitoa fedha ili wengine wafuate, na miongoni mwa waliokwenda mwaka huo alikuwamo Wangari Maathai, yule aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Lakini ndege za siku zile hazikuweza kuimaliza njia kwa mruko mmoja. Zilitua hapa na pale kutia mafuta. Hata baadaye, kwa miaka mingi, msafiri alibadili ndege Ulaya au katika nchi za Ghuba. Ilikuwa tarehe 28 Oktoba 2018 ndipo ndege ya Kenya Airways ilipoondoka Nairobi ikaenda New York moja kwa moja, bila kutua njiani.

UMBALI. Toka kiwanja hata kiwanja ni yapata kilometa 11,800, yaani maili 7,350 hivi. Mwalimu aliye na tufe la dunia darasani na awaonyeshe watoto jambo hili. Achukue uzi, aweke ncha moja juu ya Nairobi na ncha ya pili juu ya New York, kisha auvute mpaka ukaze. Watoto watastaajabu. Ukiweka rula juu ya ramani bapa iliyobandikwa ukutani, mstari wapita juu ya Nigeria na Burkina Faso, kisha waingia baharini. Lakini uzi uliokazwa juu ya tufe hauendi huko. Wapanda kaskazini upesi zaidi: wapita kaskazini ya Uganda, Sudan Kusini, Chad na Niger, wakata Jangwa la Sahara katika nchi ya Algeria, watokea Morocco, wagusa visiwa vya Azores vya Wareno, wapanda bado hata kupita kidogo usawa wa New York yenyewe, ndipo washuka mjini kwa upande wa kaskazini. Njia iliyo fupi juu ya mpira si ile inayoonekana imenyoka juu ya karatasi. Dunia ni mviringo, nayo ramani bapa haiwezi kuonyesha kila jambo kwa kweli.

Tulipokuwa angani tuliliangalia jambo hili. Katika mgongo wa kila kiti mna kioo kidogo, na humo abiria aweza kutazama ramani na mfano wa ndege uendao polepole kama siafu. Tuliufuata mstari wake kwa kidole, tukaona kwamba kwa sehemu kubwa ulikuwa ndugu wa ule uzi wetu. Lakini haukuwa uzi wenyewe hasa, kwa sababu rubani hana uhuru wa kupita popote. Huepuka anga ya nchi zenye vita. Kama vile vita vilipozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023, ndege za abiria ziliacha kupita juu yake, zikazunguka. Pia huepuka mawingu ya tufani. Kwa hiyo kilometa 11,800 ni kipimo cha uzi. Ndege yenyewe mara nyingi huenda zaidi.

MUDA. Ndege kubwa ya siku hizi ikiisha kupanda juu huenda kama kilometa 900 kwa saa. Mtoto wa shule atagawanya, atapata saa 13 na kidogo. Lakini safari ya kwenda huhesabiwa kuwa saa 15, na ya kurudi saa 14. Hizi saa zilizozidi zatoka wapi? Na kwa nini kurudi kuwe kwepesi kuliko kwenda, hali njia ni ile ile?

Kwanza, hesabu ya safari huanza ndege inapoacha mahali pake pa kupakia, si inapokuwa juu. Huenda polepole mpaka barabara ya kurukia, hungoja zamu yake, hupanda kidogo kidogo kwa kuwa imejaa mafuta. Na mwisho hushuka vivyo hivyo, labda ikizunguka mara moja au mbili mpaka ipewe nafasi. Pili, uko upepo mkuu uvumao juu sana, kutoka magharibi kwenda mashariki, katika nchi za baridi na juu ya Bahari ya Atlantiki ya kaskazini. Ndege iendayo New York hukutana nao uso kwa uso. Ndege irudiyo husukumwa nao mgongoni. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa jambo hili, maana wazee wao waliijua kaskazi na kusi, na hakuna nahodha aliyedhani kwamba siku za kwenda ni sawa na siku za kurudi. Mabaharia wa angani wamerudi katika elimu ile ile ya mababu zetu.

Jambo jingine tuliloliona ni kwamba safari ndefu hupenda kuanza usiku. Kiwanja cha Nairobi ki juu ya bahari kwa mita 1,600 na zaidi, hali kile cha New York ki karibu kabisa na usawa wa bahari. Hewa ya mahali pa juu ni nyembamba, na jua likiipasha moto huwa nyembamba zaidi. Mabawa hayapati mahali pa kuegemea, na mitambo hupungukiwa nguvu. Kwa hiyo ndege yenye mzigo mzito wa mafuta yaona nafuu kuondoka katika ubaridi wa usiku.

SAA ZA UKUTANI. Sasa twafika mahali pagumu. Tuseme, kwa mfano, ndege yaondoka Nairobi saa sita kasoro dakika tano usiku, nayo yatua New York saa moja kasoro dakika tano asubuhi. Mtu akiyatazama maandishi ya tiketi atasema, "Kumbe ni safari ya saa 7 tu!" Kisha atazame ya kurudi: kuondoka New York saa sita na nusu mchana, kufika Nairobi kesho yake saa nne na nusu asubuhi. Atasema, "Lo, saa 22!" Zote mbili si kweli. Jua halichomozi mahali pote kwa mara moja. Dunia huzunguka nyuzi 360 katika saa 24, yaani nyuzi 15 kwa kila saa. Na kati ya Nairobi na New York mna nyuzi 110 na zaidi, ambazo ni kama saa 7 na dakika 23 za jua. Kwa saa za serikali, New York iko nyuma yetu kwa saa 8 katika miezi ya baridi yao, na kwa saa 7 katika miezi ya joto. Maana wao husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi, huzirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatuzisogezi kamwe.

Waalimu watapenda hesabu hii. Jumlisha saa 7 za kwenda na saa 22 za kurudi, kama zionekanavyo katika tiketi: utapata 29. Jumlisha saa 15 na saa 14 za kweli: utapata 29 vile vile. Kile saa ya ukutani ilichoficha wakati wa kwenda, yakirudisha wakati wa kurudi, wala haibakizi hata dakika. Basi mtu asiyejua tofauti ya saa za miji miwili aweza kujumlisha saa za kwenda na kurudi, akagawanya kwa mbili, akapata wastani ulio wa kweli.

Nasi tuliyaona hayo si kwa hesabu tu. Jua lilituchwea Nairobi kama kawaida, tukapanda ndege karibu na nusu ya usiku, tukalala, tukaamka, tukala, tukalala tena, na nje ya dirisha lilikuwa giza lile lile. Tulikuwa twaufuata usiku kule unakokimbilia. Tulipotua New York bado kulikuwa giza, na taa za mji zikiwaka. Tangu jua lilipotuchwea Nairobi hata lilipotuchomozea kule ni zaidi ya saa 20 za usiku mmoja. Wakati wa kurudi mambo yaligeuka: tuliondoka mchana, jua likazama upesi nyuma yetu, na usiku haukutimiza saa tisa, kukapambazuka tukiwa bado juu ya Afrika.

MAZIKO YA ALHAMISI. Labda msomaji atauliza, elimu hii yatufaa nini sisi tusiopanda ndege? Tusimulie jambo lililotokea mtaani kwetu, katika milima ya Taita, wakati wa baridi ya kule Marekani. Mzee mmoja aliyependwa sana alifariki usiku wa kuamkia Jumatatu. Binti yake wa kwanza yu muuguzi New York. Mjane hakutaka makuu. Aliomba neno moja tu, kwamba mumewe asifunikwe udongo kabla mtoto hajauona uso wa baba yake. Wazee wakaketi kupanga siku. Ndugu wa marehemu akasema, "Binti ametupigia simu kwamba apanda ndege Jumatano saa sita na nusu mchana. Safari ni saa kumi na nne. Basi atashuka Nairobi saa nane na nusu usiku, alfajiri atakuwa njiani, na saa tano asubuhi atakuwa hapa. Tuzike Alhamisi saa nane." Watu wote wakakubali, maana hesabu ilikuwa safi. Barua zikaanza kuandikwa, na wapishi wakaambiwa.

Palikuwapo mjukuu wa kike, mwanafunzi, aliyekuwa akigawa chai. Akasimama na birika mkononi, akauliza kwa adabu, "Shikamoo babu. Hiyo saa sita na nusu ni ya kwao au ya kwetu?"

Watu wakanyamaza. Kisha mwalimu mmoja akachukua karatasi ya michango, akaigeuza, akaandika nyuma yake. Saa sita na nusu mchana ya kule ni saa mbili na nusu usiku ya kwetu. Ongeza saa 14: ni saa nne na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi, ndipo ndege yatua Nairobi. Ongeza muda wa kukaguliwa pasi na kungoja mizigo. Ongeza barabara, zaidi ya kilometa 300 hata Voi, pamoja na msongamano wa magari ya mizigo. Ongeza na kupanda mlima. Asingefika kabla ya magharibi. Wazee wawili walilalamikia gharama ya kuwalisha wageni siku moja zaidi, na neno lao halikuwa la upuuzi, kwa maana nyumba ile haikuwa na mali. Lakini mjane aliinua macho, hakusema kitu, na maziko yakahamishwa hata Ijumaa. Binti aliingia uani Alhamisi saa moja na nusu usiku. Kama wangalizika saa nane mchana, angalikuta udongo na maua.

Ndugu wapenzi, tazameni: hapana aliyesema uongo pale. Binti alisema saa ya kweli, na mzee alijumlisha sawasawa. Kilichopungua ni neno moja tu, *saa za wapi?* Kuuliza si ujinga, nalo swali hili ladai pumzi moja.

TAREHE YA USIKU. Uko mtego wa pili, nao huwanasa hasa watu wa lugha yetu. Kwetu siku hufuatana na jua, na usiku twauhesabu pamoja na mchana uufuatao; twasema usiku wa kuamkia Jumatatu. Lakini tiketi huandikwa kwa saa za Kizungu, nazo hubadili tarehe katikati ya giza, saa sita usiku. Tiketi ikisema tarehe 15, saa 0:10, maana yake ni dakika kumi baada ya saa sita usiku, usiku ule ulioanza jioni ya tarehe 14. Msafiri akifunga mizigo yake tarehe 15 jioni, ndege imekwisha kuondoka tangu usiku uliopita, tena huenda imekwisha kutua mwisho wa safari yake. Kwa hiyo mwenye tiketi ya namna hii na aandike ukutani: "Kuondoka nyumbani tarehe 14."

MLANGO HATA MLANGO. Tena mtu asidhani kwamba saa 15 ndizo safari nzima. Msafiri wa ng'ambo hutakiwa kiwanjani saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Kabla ya hapo ameshuka kutoka kwao, amelala Nairobi, amevuka msongamano wa mjini. Akifika kule, ataingia katika safu ya kukaguliwa. Sisi tulisimama saa moja na nusu. Kiwanja chenyewe ki mbali na katikati ya mji, zaidi ya kilometa 20. Tulipohesabu toka mlango wetu hata mlango wa jamaa zetu, tulipata siku moja na nusu na kupita. Angani ilikuwa chini ya nusu ya safari.

Na mwili nao una saa yake, isiyosogezwa kwa mkono. Siku za kwanza kule tuliamka saa tisa ya usiku, macho makavu, na mchana tulisinzia katikati ya mazungumzo. Hii si dharau wala uvivu. Mwili hujirekebisha polepole, kama saa moja kwa siku, na tofauti ya saa 8 yataka wiki nzima. Basi mgeni wenu afikapo kutoka huko, msimketishe siku ile ile mbele ya shauri zito la urithi au la mahari. Mpeni maji ya kuoga, chakula na kitanda. Vilevile katika simu: mzazi apigaye saa mbili asubuhi, akiisha kunywa chai yake, amwamsha mtoto saa sita usiku wakati wa baridi ya kule. Afadhali saa kumi na moja jioni ya kwetu, ambayo ni saa tatu asubuhi ya kwao.

Kwa kifupi, mtu apewaye saa ya safari na afanye hivi. Aulize ni saa za wapi. Azigeuze ziwe saa za kwetu kabla ya kujumlisha neno lolote. Aongeze muda wa angani. Kisha saa mbili za kiwanjani. Kisha barabara ya kufika nyumbani. Ndipo apange siku. Nazo saa tulizozitaja hapa ni za mfano, kwa kuwa wenye ndege huzibadili mara kwa mara. Ziangaliwe katika tiketi yenyewe.

Zamani meli tu, tangu Mombasa hata Uingereza, ilichukua wiki tatu na zaidi, na bado Bahari ya Atlantiki ilikuwa mbele. Aliyeaga alikuwa ameaga kweli, na habari ya msiba ilimfikia mambo yote yamekwisha. Sasa mtoto aweza kufika kumzika baba yake, ikiwa walio nyumbani wajua kumhesabia. Tunawaomba waalimu waufundishe ule uzi na ile hesabu ya saa katika madarasa yao, maana mara nyingi mkubwa husaidiwa na swali la mtoto aliyefundishwa vema.